Ndevu za Mfalme Elizbari

Mimi Papuna mwana wa Shio, wa mtaa wa hamamu,
niliishika shingo ya mfalme miaka ishirini na sita,
mkono wa kushoto shingo, wa kulia wembe,
na hakuna aliyewahi kuniuliza niliona nini.

Wengine waliona taji.
Mimi niliijua chunjua nyuma ya sikio,
na kovu la kidevuni, alipoteleza juu ya barafu ya Mtkvari
akiwa mtoto mwenye jina moja tu.

Baadaye akawa na mawili.
Elizbari, kwa mamaye na kwa kengele za Jumapili;
Nazarkuli Khan, kwa barua zenye muhuri wa Isfahani.
Akiitwa lolote kati ya hayo, alichelewa kugeuka,
kama anayengoja kuona iwapo yupo mwingine chumbani.

Shah alitaka masharubu marefu, kidevu kitupu.
Pasha wa Erzurumi, mwaka aliotushinda, alitaka ndevu.
Wakaja wajumbe wa kaskazini, theluji mabegani,
na ahadi, na manyoya ya thamani, wakisema:
kwetu, ndugu wa imani huzifuga hadi kifuani.
"Ndevu hazioti kwa amri, Papuna," aliniambia,
"na majeshi hayangoji."
Ndipo nikatengeneza kile kisanduku:
singa za mbuzi wa Tusheti, utomvu wa mplamu,
na kitana cha pembe.
Ndevu zile zilitia saini mikataba miwili.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Majirani zetu wote walikwisha kunyolewa.
Mfalme wangu aliishi kichwa kimelowa,
maji yakimchuruzika mgongoni,
kiangazi na kipupwe, na wembe haufiki, na wembe hauondoki.

Kila Nauruzi joho la Shah lilifika.
Ilimpasa atoke nje ya mji alipokee,
alivae huko huko, barabarani, mbele ya punda.
Mwaka mmoja lilikuwa limeshonwa kwa kipimo cha mtu mnene.
Alirudi amelikumbatia kwa mikono miwili lisimwanguke,
na watu kwenye mapaa wakapiga vigelegele.

Kisha mwaka wa nzige.
Shah alitaka watoto mia.
Mfalme akaenda mwenyewe, siku arobaini juu ya farasi,
akapiga magoti, akabembeleza,
akaweka rehani mizabibu ya Malkia Hwaramze,
akarudi na sitini.
Maaskofu wakamsifu: umeokoa arobaini!

Asubuhi ile nilikuwa chini ya taya lake.
Akasema, midomo haichezi kwa kuuogopa wembe:
"Sitini."
Nikasuuza.
"Sitini, Papuna."

Binti wa dada yangu alikuwa wa thelathini na moja katika orodha.
Alijua. Orodha aliiandika kwa mkono wake.
Nami nilikuwa nimemshika shingo.
Mshipa ulipiga chini ya kidole gumba changu,
ukapiga,
ukapiga.
Nikamaliza shavu la kulia,
kisha nikanyoa la kushoto.

Alikufa kwa homa, majira ya kukamua zabibu,
mji mzima unanuka mvinyo mchanga na nyigu.
Kasisi na mullah wakakutana mlangoni,
kila mmoja akampisha mwenziwe, kwa adabu,
muda mrefu mno.

Mwanawe Otia, aliyechukuliwa dhamana akiwa na miaka sita,
akaja kutawala, na mkalimani ubavuni.
Alikaa kwenye kigoda changu, kinono, kimya,
akayatazama mashoka na sanamu za watakatifu ukutani
kama mgeni anayetafuta pa kutundika kofia.
Akasema neno kwa Kiajemi.
"Anauliza," mkalimani akasema, "babaye alinyolewaje?"

"Siku gani?" nikajibu.

Hilo mkalimani hakulitafsiri.
Nikachota maji ya uvuguvugu,
nikamtia kichwani.